Viti vya enzi vya Lamu visiuzwe kwa pupa ya mirathi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vyombo vya kale vinavyotoka katika nyumba zetu za Lamu. Kiti cha enzi cha marehemu bibi yangu, cha mbao nyeusi iliyotiwa nakshi za pembe, na mgongo wake umesukwa kwa uzi, kilikuwa cha mgeni wa heshima; sisi watoto hatukuthubutu kukikalia. Alipofariki, warithi walikiuza pamoja na kasha lake la misumari ya shaba ili wagawane fedha, na mchuuzi akavichukua jioni ile ile. Naumia hadi leo.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka kibali kabla ya kitu cha kale kutolewa nje ya Kenya, lakini kikishaondoka bila picha wala maandishi, nani atakitambua? Nazisihi familia zivipige picha vyombo hivi wazee wangali hai na waweza kuvieleza, na mrithi mmoja akubaliwe kukichukua chombo kwa kuwafidia wenzake hisa zao, hata kwa awamu.

Msomaji wako,
Lamu