Barua kwa mwanangu: wewe utapanda, mimi nitakusubiri Guptkashi

Dikri,

Meseji zako nimezisoma zote, na ile ndefu ya juzi usiku, ya kunizuia nisiende hija India, nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakasirika, ya pili nikaenda kupima presha kwanza halafu ndo nikarudi kuisoma. Ilikuwa 150 kwa 90. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mama yako maana najua mnasemana nyuma yangu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigujarati changu cha kuandika kiliishia darasa la nne, na Kiingereza nikikiandika najiona kama nimevaa suti ya kuazima. Na wewe mwenyewe ukikasirika unakasirika kwa Kiswahili, huko huko Leicester, basi tukutane hapo hapo.

Nianze na lile linalokutia hofu. Kedarnath, lile hekalu la Shiva la milimani, sipandi. Umeshinda, furahi kidogo, halafu endelea kusoma maana bado sijamaliza.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu vizuri tu. Kutoka Gaurikund mpaka hekaluni ni kilomita kama 16 kwa miguu, unaanzia karibu mita 2,000 unafika mita 3,583, nikajisemea mbona pale ni chini kuliko Horombo ya Kilimanjaro, na Horombo mimi nilishalala nikiwa kijana, tulipanda na wenzangu wa shule na yule mwongozaji wa Marangu akituimbia pole pole mpaka tukachoka kuisikia. Ila nilikuwa na miaka 22 na moyo haukuwa unakunywa vidonge. Sa hivi nikipanda ngazi za kwa baba yako mdogo, ghorofa ya tatu Kisutu, nikifika nasingizia naangalia simu ili nipumue. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Ukasema basi nipande farasi. Mwanangu, wale nyumbu nimewaona kwenye vidio, wanapandishwa na kushushwa siku nzima kwenye mawe yenye utelezi, wengine wanafia njiani, mimi nikakae juu ya mgongo wa mnyama aliyechoka nikiimba Jai Kedar? Siwezi. Kuna na machela, watu wanne wanakubeba begani, wengi wao vijana kutoka Nepal, na pesa wanaihitaji kweli na mtu mzima kama mimi wala asingeshangaza mtu, lakini nimefikiria sura ya yule kijana wa nyuma ambaye ndo anabeba tumbo langu, nikaona haya mwenyewe nikiwa nimekaa sebuleni.

Halafu ile helikopta. Hii ulinisukumia wewe na mama yako. Zinaruka kutoka Guptkashi, Phata na Sersi, kule chini bondeni, dakika chache tu uko juu, ila zile dakika chache zinakupeleka mwinuko ule bila mwili kujua kinachoendelea, na wewe mfamasia ndo ulinifundisha hilo. Na Juni 2025 moja ilianguka karibu na Gaurikund watu 7 wakafa. Juu ya hapo nusura niibiwe, hili sikukwambia. Nilipata tovuti nzuri, picha ya hekalu, nembo ya serikali, bei nzuri, nikaanza kuingiza namba za kadi, kijana wa dukani kwetu akachungulia akasema mzee hii anwani ina herufi imezidi. Kumbe tiketi halali zinauzwa kwenye tovuti moja tu ya serikali, inaendeshwa na IRCTC, hao hao wa tiketi za treni, na matapeli wamejaa kama nzi kwenye embe. Kijana nimempa siku mbili za likizo.

Sasa nikueleze kwanini nang'ang'ania, maana unadhani ni dini tu imenipanda kichwani uzeeni.

Ba, bibi yako, alikuwa na kopo. Lile kopo la Blue Band la bati, kubwa, alikuwa analiweka nyuma ya pipa la mchele. Wewe ulikuwa unalitikisa ukidhani ni peremende. Ile ilikuwa pesa ya Badri-Kedar, hija ya Badrinath na Kedarnath. Alianza kuweka kabla hujazaliwa, na Dada alikuwa anamtania kwamba kwa mwendo huo watafika wakiwa majivu. (Unakumbuka ulivyokuwa unamwita babu yako Dada, watoto wa jirani wakacheka mpaka wakalia, wewe ukarudi nyumbani unauliza kwani babu ni mwanamke? Na kaka yangu ni Kaka kwako, na mjomba wako ni Mama. Lugha zetu mbili hizi zilikutesa sana.)

Basi 2013 nikamwambia Ba mwaka huu tunaenda, mwezi wa tisa, mvua zikipungua. Nikakata tiketi kabisa. Juni tukawa tumekaa tunaangalia taarifa ya habari, wakaonyesha ile sanamu kubwa ya Shiva ya Rishikesh imekaa mtoni inamezwa na maji, halafu wakaonyesha Kedarnath. Mvua ilikuwa imenyesha siku mfululizo, lile ziwa la juu ya hekalu, Chorabari, likapasuka asubuhi ya tarehe 17, likashuka na mawe na matope na kila kitu. Rambara, kijiji ambacho watu walikuwa wanapumzika katikati ya njia, kilifutika, hakipo tena. Watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Ba hakusema kitu. Alienda akakaa jikoni.

Mimi nikarudisha tiketi. Sawa, mwaka ule kila mtu angerudisha. Ila 2014 njia ikafunguliwa, nikasema mwaka ujao. 2015 duka lilikuwa na shida, nikasema mwaka ujao. 2016 akaanguka bafuni, na baada ya hapo hatukusema tena hilo neno ndani ya nyumba, na 2017 akaondoka, unakumbuka ulikuja siku tatu tu ukarudi kwenye mitihani. Kopo ninalo. Nimelifungua mwezi uliopita, kuna noti humo hazitumiki tena benki yoyote.

Ndo hiyo. Wewe juzi umeniandikia "baba, subiri mwaka ujao tuone". Neno hilo hilo.

Kwa hiyo mpango wangu uko hivi, na nimeupunguza sana. Wenzetu wengi wanafanya dham zote nne, yaani mahekalu manne ya hija, Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, Badrinath, kwa mfuatano huo kutoka magharibi kwenda mashariki, siku kumi au kumi na mbili kwenye basi, wanarudi wamekonda na picha mia tano. Mimi ni mbili tu. Tunaenda baada ya mvua zao, mwishoni mwa mwezi wa tisa, siku za Shradh, za kuwaombea waliotutangulia, sio Mei na Juni maana pale ni kama Kariakoo wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, na sio Julai na Agosti maana milima inashuka barabarani. Mahekalu yanafunguliwa Aprili au Mei na kufungwa Diwali ikifika, Badrinath ndo inachelewa kidogo mpaka Novemba. Baridi ikianza Kedarnath mungu mwenyewe wanamshusha kwenye machela mpaka Ukhimath akae huko miezi sita. Nikamwambia mama yako, kama Bholenath, Shiva mwenyewe, anashuka baridi ikimzidi, mimi ni nani nisibaki chini?

Haridwar tunalala usiku mmoja, jioni tunaenda Har Ki Pauri kuona taa zinavyoelea mtoni. Kesho yake gari taratibu, Rishikesh, Devprayag. Devprayag nataka tusimame hata nusu saa. Pale Bhagirathi inakuja imechemka kijani na povu, Alaknanda inakuja na rangi yake, zinakutana mbele ya macho yako na kuanzia pale ndo mto unaitwa Ganga. Ba alikuwa na picha ya pale kwenye kalenda, kalenda ya mwaka gani sijui, hakuitoa ukutani hata ilipoisha. Halafu Rudraprayag, tunaacha Alaknanda tunafuata Mandakini mpaka Guptkashi. Hapo ni mita 1,300 tu na kidogo, moyo wangu hauna neno na hapo.

Na hapo ndo mimi nakaa, wewe unapanda.

Umesoma vizuri. Umesema nisipande, sawa, basi panda wewe. Unakimbia kila Jumapili kwenye mvua ya Leicester bila kufukuzwa na mtu, kilomita 16 za mlima utaziweza. Kutoka Guptkashi unachukua gari mpaka Sonprayag, magari ya watu yanaishia hapo, unaingia jipu za pale mpaka Gaurikund, anza kabla jua halijatoka. Usiwafukuzie wale wanaokupita, wengine utawakuta mbele wamekaa wanatapika. Maji moto, chai, kichwa kikikuuma sana au ukianza kuyumba unageuka na kushuka hapo hapo, sitaki ushujaa, dawa za mwinuko unazijua wewe kuliko mimi. Na koti la mvua lile la kweli, zile karatasi za plastiki wanazouza njiani zinachanika kabla hujafika Bhimbali. Lala juu usiku mmoja, ushuke kesho.

Najua utasema huamini. Sikuombi uamini, nakuomba upande. Ukiingia ndani hutakuta sanamu ya mtu, utakuta mwamba, umekaa kama nundu ya ng'ombe. Ba alikuwa anasema Pandava, wale ndugu watano wa Mahabharata, walipomaliza vita walikuwa na damu ya ndugu mikononi wakamtafuta Shiva awasamehe, na Shiva hakutaka kuwaona, akajigeuza fahali akajificha kwenye kundi, Bhima, mmoja wao, akamtambua akamrukia, fahali akazama ardhini ikabaki nundu. Mimi nilikuwa namuuliza Ba kwanini mungu akimbie watu wanaoomba msamaha, alikuwa ananijibu kula chakula chako. Watu wanaipaka ile nundu samli. Samli nitakufungia mimi, kutoka hapa hapa nyumbani, ya mama yako, kwenye kichupa kidogo, wakikuruhusu unapaka, wasipokuruhusu unamwachia mhudumu. Sema jina la Ba, kimoyomoyo inatosha.

Halafu zunguka nyuma ya hekalu. Kuna jiwe kubwa, wanaliita Bhim Shila, lilishuka na yale mafuriko ya 2013 likasimama pale nyuma, maji yakagawanyika yakapita kulia na kushoto, hekalu likabaki. Wahandisi watakwambia lao na mapandit watakwambia lao. Nipigie picha ya hilo jiwe, sio ya hekalu, za hekalu ninazo elfu moja wasapu kila Jumatatu.

Mimi nitakuwa Guptkashi nakula thepla, chapati zetu za viungo. Mama yako atatengeneza za siku kumi, zinakaa, usibebe mabiskuti yako yale yasiyo na sukari. Asubuhi nitaenda hekalu la Vishwanath la pale, mchana nitakaa mahali ninapoona ng'ambo Ukhimath, jioni nitakuwa natazama simu kila dakika tano, hiyo usinicheke.

Ukishuka tunaenda Badrinath pamoja na huko ni gari mpaka mlangoni. Tunalala njiani, mara mbili ikibidi, Joshimath sijui kama tutalala maana ule mji ulianza kupasuka Januari 2023, nyumba zikapata nyufa watu wakahamishwa, labda tulale Pipalkoti. Badrinath ni zaidi ya mita 3,000 na mimi nitakuwa na kile kiklipu chako cha kidole cha kupima oksijeni, ikishuka chini ya namba utakayoniambia tunageuza gari, nakuahidi mbele ya mama yako. Nitaoga maji ya moto ya Tapt Kund, sio kwa muda mrefu, najua, presha. Halafu Brahma Kapal, kando ya mto, maharaj, kuhani wa pale, atanipa matonge ya wali na ufuta, nitamfanyia Ba na Dada shradh yao, na nataka ukae pembeni yangu. Kaka zako hawatakuja, nimewauliza, mmoja ana mkutano, mwingine ana sababu ambayo hata yeye haielewi.

Zile noti zilizokufa za kopo nitaenda nazo. Za leo nitaongezea mimi, tununue mashada ya majani ya tulsi ya kutoa hekaluni, mengi, hata kama watatuangalia.

Na ukiwa na nguvu Mana ni kilomita kama tatu tu mbele, ndo kijiji cha mwisho kabla ya Tibet, zamani kibao kilisema hivyo, sasa wamekibadilisha kinasema cha kwanza. Pandava walipita hapo wakienda mbinguni kwa miguu, wakaanguka mmoja mmoja, akabaki mkubwa wao na mbwa. Ba alikuwa akifika kwenye mbwa analia kila mara. Mimi sehemu hiyo sijawahi kuielewa mpaka nilipokuwa na umri huu.

Sasa kazi. Nitumie picha ya pasipoti yako ukurasa wa mbele, maana usajili wa serikali ya Uttarakhand ni lazima na bila ile QR wanakurudisha kwenye kizuizi, nataka niingie mapema. Viza yako ya India omba wewe mwenyewe, angalia anwani ya tovuti herufi kwa herufi, umeshasikia yangu. Likizo omba siku kumi na nne, ukiambiwa kumi chukua kumi. Na uniambie saizi ya kiatu chako sa hivi, mama yako anasema 38 mimi nasema 39, tumebishana tangu asubuhi.

Baba