Timu ya kisiwani iliyojishusha daraja yenyewe

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo hiyo unayoijua. Katika barua yako umeuliza inawezekanaje Canvey Island, timu ya soka ya huku Uingereza iliyotwaa kombe mwaka 2001, ijitoe kwa hiari yake, miaka 5 tu baadaye, katika ligi iliyoihangaikia kwa miaka mingi, na kwenda kuanza upya ngazi 3 chini yake, ilhali msimamo wa ligi haukuwa umeishusha. Uliyoyasikia ni kweli, na kwa kuwa habari yake haitoshi katika ujumbe wa simu, nimeona nikujibu kwa kirefu.

Canvey ni kisiwa cha mkoa wa Essex, mashariki ya London, pale mto Thames unapoingia baharini, na kinatenganishwa na bara kwa vijito tu, hata mgeni aliyeketi nyuma ya gari huvuka daraja bila kutambua kuwa ameingia kisiwani. Bahari inapojaa, sehemu kubwa ya ardhi yake huwa chini ya usawa wa maji. Ndiyo maana mwaka 1622 wenye mashamba walipatana na Mholanzi aitwaye Joas Croppenburg akizungushie kisiwa ukuta wa kuzuia maji, na ujira wake ukawa theluthi moja ya ardhi itakayookolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilizishinda kinga hizo, watu 58 wakapoteza maisha na kisiwa kizima kikahamwa kwa muda. Usidhani nimepotea njia, kwa maana uwanja wa timu, Park Lane, umeuegemea ukuta wa bahari. Siku ya bamvua nilipanda juu ya ukuta huo kabla ya mechi kuanza, nikaona maji ya upande mmoja yako juu kuliko nyasi za uwanja wa upande wa pili, na meli ya mizigo inapita taratibu kwa nyuma, juu kidogo ya benchi la wachezaji wa akiba.

Timu yenyewe iliundwa mwaka 1926, na kwa miongo kadhaa haikujulikana nje ya Essex. Mwaka 1994 ilipata nafasi katika Ligi ya Isthmian, ambayo hukusanya timu za London na kusini-mashariki ya Uingereza, na hapo ndipo jina la Jeff King linapoingia. Huyu alikuwa kocha, na alikuwa pia kile ambacho mimi na wewe tungekiita tajiri wa timu, maana mishahara ya wachezaji wazuri waliokubali kuja kucheza kando ya ukuta ule ilitegemea sana mfuko wake.

Matunda yalionekana upesi. Mwezi Novemba 2000, katika Kombe la FA, walitoka sare ya mabao 4-4 na Port Vale, timu ya ngazi ya tatu ukihesabu kutoka Ligi Kuu, kisha wakaishinda 2-1 katika mechi ya marudiano. Mei 2001 walicheza fainali ya FA Trophy, kombe la timu zilizo chini ya ngazi nne za juu, katika uwanja wa Villa Park, kwa kuwa Wembley ulikuwa umefungwa. Wakaifunga Forest Green Rovers, iliyokuwa ngazi moja juu yao, kwa bao pekee la beki Ben Chenery. Msimu uliofuata ndio ninaoupenda mimi: waliifunga Wigan Athletic 1-0 huko huko kwao, wakaifunga na Northampton Town 1-0, hadi Burnley walipowatoa kwa mabao 4-1 katika raundi ya tatu. Wigan hao hao, miaka 4 baadaye, walikuwa Ligi Kuu wakicheza na Arsenal na Manchester United!

Katika ligi, hata hivyo, waliteseka. Misimu 3 mfululizo walimaliza wa pili, na nafasi ya kupanda ilikuwa moja tu. Mwaka 2004 walichukua ubingwa kwa pointi 104 na kupanda hadi Conference, ngazi ya tano, ambako walicheza misimu 2 bila kushuka. Kisha, mwaka 2006, King akaondoka.

Hili ndilo jibu la swali lako. Bila fedha zake, timu isingeweza kuzimudu gharama za ligi ya nchi nzima, yenye safari ndefu na wachezaji wa kulipwa. Wangeweza kuendelea kwa madeni na kungoja siku ya kufungiwa milango, lakini waliiacha nafasi yao na kwenda ngazi ya nane, kwenye safari fupi na gharama wanazoziweza. Wako waliosema ni aibu. Mimi sioni hivyo, na nadhani wewe unajua sababu. Unaikumbuka timu yetu ya mtaani, jinsi mfadhili alipojitoa na jezi zikabaki zimefungiwa stoo kwake, nasi tukabaki na mpira mmoja usio na pumzi? Sisi hatukuwa na ngazi ya kushukia. Canvey walikuwa nayo, wakaitumia mapema. Mwaka 2008 wakapanda tena ngazi moja kwa mikwaju ya penalti katika mchujo, baadaye wakaanguka, na mwaka 2022 wakapanda kwa mchujo mwingine.

Jumamosi iliyopita nilisimama karibu na mzee mmoja aliyevaa skafu ya njano, ambaye alitoa katika pochi yake kipande cha tiketi ya Villa Park, kimekunjwa hadi maandishi yamefifia. Nikamwambia bila shaka hiyo ndiyo mechi asiyoisahau. Akakirudisha kipande chake polepole, akaniambia kuwa anayoikumbuka zaidi ni ya kwanza ya msimu wa 2006, kwa sababu wiki nzima alikuwa hajui kama kutakuwa na timu ya kwenda kuitazama.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na ukiipata ile picha yetu ya zamani tukiwa na jezi, nitumie.

Ni mimi rafiki yako.