Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usikubali silinda ya Vespa ichongwe

Mpwa wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nimeisoma barua yako kuhusu skuta ya Vespa, aina ya PX, aliyoiacha marehemu babu yako, na nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu vijana waliorithi skuta hizi hapo Unguja huambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe: kwamba injini imechoka, kwamba silinda lazima ichongwe, yaani ndani yake ipanuliwe kwa mashine, na kutiwa pistoni ya saizi kubwa zaidi, na kwamba baada ya hapo kila kitu kitakuwa sawa. Nakuomba usikubali, angalau si sasa. Dalili ulizonieleza si za silinda iliyokwisha. Ni za injini inayokosa petroli, au inayokosa moto, au inayovuta hewa mahali isipostahili, na mambo yote hayo unaweza kuyachunguza mwenyewe uani kwa spana chache.

Umeandika kwamba asubuhi inawaka bila taabu, inatoka Mji Mkongwe ikiwa na nguvu zake, na ikikaribia Bububu inazima. Ukiiacha ipumzike kidogo inawaka tena na kuendelea na safari. Lizingatie jambo hili. Ringi za pistoni zilizolika haziponi kwa kupumzika. Injini ambayo silinda yake imekwisha kwa kawaida husumbua kuwaka ikiwa baridi, hukosa nguvu tangu mwanzo wa safari, na kiki yake huwa nyepesi mguuni kwa sababu mgandamizo umepungua. Yako haina hata moja kati ya hayo. Sisemi kwamba fundi wako hana nia njema, lakini kazi ya kuchonga silinda haina njia ya kurudi nyuma: chuma kilichotolewa hakirudishwi, na idadi ya pistoni za saizi kubwa ambazo silinda moja inaweza kuzipokea katika maisha yake ina kikomo. Kwa hiyo isifanywe kwa kubahatisha.

Siku ikizima tena, usianze kwa kupiga kiki mfululizo. Funga swichi, vua kava la upande wa kulia, fungua plagi papo hapo ukijihadhari na joto, na uitazame kabla haijapata nafasi ya kukauka. Ikiwa ni kavu kabisa, petroli haikufika kwenye silinda. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, petroli ilifika lakini moto haukufika. Kisha washa swichi, irudishe plagi kwenye kepu yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, maana mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kushika moto, na umwombe mwenzako apige kiki huku ukitazama kama cheche inaruka. Kuwa na plagi mpya mfukoni wakati wote. Ile ya NGK yenye namba B7HS inafaa kwa injini hiyo, na nafasi ya ncha zake iwe milimita 0.6.

Plagi ikiwa kavu, anza na kifuniko cha tangi. Petroli ya Vespa hushuka kwenda kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe, bila pampu, na haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii juu yake kuchukua nafasi inayoachwa. Kifuniko kina kitundu kidogo kwa kazi hiyo, na kitundu hicho kikizibwa na vumbi, kutu au rangi, injini hutembea vizuri kwa muda, kisha hufa. Ukisimama hewa hupenya kidogo kidogo, petroli hushuka, nayo huwaka tena. Unaona jinsi inavyofanana na maelezo yako. Ikizima, kifungue kifuniko na usikilize: ukisikia hewa ikivutwa ndani, na ukipiga kiki ikawaka mara moja, ugonjwa umeupata, na dawa yake ni sindano na petroli safi ya kuoshea.

Kama si kifuniko, tazama mpira wa petroli kati ya bomba la tangi na kabureta. Mpira huu husahauliwa na wengi kwa sababu umefichika ndani ya bodi. Aliyeubadilisha mwisho akiuacha mrefu kupita kiasi ili apate urahisi wa kuuchomeka, tangi linaporudishwa mahali pake mpira hujikunja na kuibana njia, na ukipata joto hulainika na kujibana zaidi. Uwe na urefu wa kutosha kukuruhusu kulinyanyua tangi, lakini usiozidi hapo, na uelekee chini mwendo wote bila kupanda popote.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye kabureta. Ni Dell'Orto ya aina ya SI 20/20, imekaa ndani ya kisanduku chake juu ya injini, na chujio la hewa juu yake limeshikwa na skrubu mbili tu. Pale mpira wa petroli unapoingilia pana kichujio kidogo cha wavu ambacho hujaa takataka za tangi lenye kutu, kioshe. Jeti, yaani vile vipande vyenye vitundu vya kupimia petroli, unaweza kuzitoa kwa bisibisi bila kuishusha kabureta yenyewe. Zipulize kwa pampu, wala usizichokoe kwa waya, kwa kuwa tundu likipanuka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, mchanganyiko wa petroli na hewa hubadilika.

Ukilazimika kuishusha kabureta, kabla ya jambo lolote lingine lizibe tundu lililobaki chini yake kwa kitambaa safi. Hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu hii ndiyo siri ya injini hizi na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuogopa zifunguliwe ovyo. Katika injini nyingi za mipigo miwili pistoni yenyewe ndiyo hufungua na kufunga mlango wa kuingizia petroli. Katika Vespa ya PX kazi hiyo hufanywa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni: sahani yake moja imekatwa sehemu, na ubavu wake hupita karibu mno na uso laini uliochongwa ndani ya kasha la injini, bila kuugusa. Skrubu ndogo au chembe ya mchanga ikitumbukia kupitia tundu la kabureta, ule uso huchubuka, mlango haufungi tena sawasawa, na petroli hurudishwa juu kwenye kabureta. Silinda huuzwa dukani. Uso ule ni sehemu ya kasha lenyewe, na ukiharibika ni kazi ya mtu mwenye mashine na subira kuujenga upya. Wakati wa kurudisha kabureta, kaza nati zake mbili kwa zamu na kwa kiasi, kwa maana ukizikaza kwa nguvu kitako chake hupinda na hewa hupata mwanya.

Plagi ikiwa imelowa na cheche haipo, shughulika na umeme. Yako ni ya zamani, bado ina platini, zile ncha mbili zinazofunguka na kufunga ili kuleta cheche, nazo utaziona kupitia dirisha la flaiwili, lile gurudumu zito lililo mwisho wa krenki. Zisafishe, na pale zinapofunguka zaidi ziwe kati ya milimita 0.3 na 0.5, pima kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi, si kwa macho. Zikiwa sawa na moto bado unapotea injini ikipata joto, ishuku kondensa, kile kidude cha umeme kinachofanya kazi pamoja na platini, kwani kondensa inayokufa huweza kufanya kazi vizuri ikiwa baridi. Ikibidi flaiwili itoke, itolewe kwa pula yake maalumu. Asije mtu akaigonga kwa nyundo.

Sasa nije kwenye jambo moja ambalo kweli linaweza kuhalalisha injini kufunguliwa, nalo ni sili za krenki, yaani mipira inayozuia hewa na oili kupita pembeni mwa krenki. Zipo mbili, moja upande wa flaiwili na moja upande wa klachi, na kila moja ikichoka hutoa dalili zake. Ile ya upande wa flaiwili ikivuja, injini huvuta hewa isiyopitia kwenye kabureta. Unaachia mafuta mkononi lakini mzunguko haushuki, na plagi hugeuka nyeupe badala ya kuwa na rangi ya kahawa. Usiiendeshe ikiwa katika hali hiyo hata kwenda msikitini, kwa sababu mchanganyiko wenye hewa nyingi huipasha pistoni joto mpaka ishike kwenye silinda. Ile ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya gia boksi: moshi mweupe mzito hutoka kwenye ekzosi, plagi hulowa uchafu mweusi, na oili ya gia boksi hupungua bila kudondoka chini. Gia boksi huchukua kiasi cha mililita 250 za oili ya SAE 30, ifike ukingoni mwa tundu la kujazia, kwa hiyo ni rahisi kujua kama inapungua. Na ukiwa hapo, kagua kasha la chuma jembamba linalofunika silinda. Wapo wanaolitoa wakidhani injini itapata hewa zaidi, kumbe ndilo linaloelekeza upepo wa feni ya flaiwili kwenye mapezi ya silinda yanayoipoza. Bila hilo silinda huungua hata ukitembea taratibu.

Oili ya kuchanganya na petroli iwe asilimia 2, yaani mililita 100 kwa kila lita 5, na iwe ya injini za mipigo miwili. Kuongeza zaidi kwa hofu hakuisaidii injini. Kunaijaza ekzosi masizi, na ekzosi iliyoziba huiua nguvu kiasi kwamba watu huilaumu pistoni.

Corradino D'Ascanio, aliyebuni Vespa kwa kampuni ya Piaggio ya Pontedera mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na gurudumu la mbele lililoshikwa upande mmoja linatokana na mawazo ya magurudumu ya ndege. Naipenda sana busara ile: gurudumu hutoka kwa kufungua nati tano, na la akiba hufaa mbele na nyuma. Ila tahadhari. Rimu ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati nyingine tano. Kabla hujazigusa hizo, toa upepo wote kwenye tairi, kwa sababu rimu ikifunguka tairi likiwa na upepo inaweza kukurukia na kukuvunja mkono.

Bodi nayo ni chuma kitupu bila fremu ndani yake, na hewa ya bahari haina huruma nayo. Zifungue reli za mpira za sakafuni, maana maji ya chumvi hukaa chini yake, sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, na uioshe skuta kwa maji yasiyo na chumvi kila unaporudi kutoka ufukweni.

Anza na kifuniko cha tangi, kisha uniandikie rangi ya plagi ilivyo ikizima, kama cheche ilikuwapo, na kama oili ya gia boksi imepungua. Ikithibitika kwamba ni sili, mwambie fundi asubiri nije Unguja tufungue pamoja. Wakati huo huo soma namba iliyochapwa kwenye injini. Ikianza na VLX1M, ni injini ya PX ya 150, na hiyo ndiyo utakayompa muuza vipuri. Asikupe sili za LML ya India, kampuni iliyokuwa ikitengeneza skuta za mfano wa Vespa, kwa sababu tu zinafanana kwa macho. Mwambie azipime kwanza.

Wasalaam,
Mjomba wako