Usiutie bitana mgongo wa kurasa

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na hongera. Picha za kurasa zenu zimenifikia, na jana usiku nimezitazama mpaka macho yakauma. Kitabu cha kitambaa cha watu kumi na wawili, kila mmoja na ukurasa wake, tena uliokatwa kwenye nguo aliyoivaa mwenyewe! Ile kola ya shati inayochungulia pembeni mwa ukurasa wa nne, tafadhali asije mtu akaikata.

Nimekimbilia kalamu kwa sababu ya jambo moja tu. Umesema wiki ijayo mtatia bitana kila ukurasa ili nyuma pasionekane. Nakusihi, ngoja kwanza.

Kitabu cha kwanza nilichoshona na wenzangu kilikuwa cha kuwakumbuka marehemu wetu. Mama mmoja, mkubwa kuliko sote, alidarizi majina saba kwa uzi mwekundu. Ukitazama mbele, kila jina limekaa peke yake. Mimi nikaona nyuma pamevurugika, nikatia bitana, nikapiga pasi, nikaridhika. Miaka miwili baadaye mshono ulifumuka kwenye kona, nikachungulia. Kumbe mama yule hakukata uzi hata mara moja! Kila akimaliza jina aliuvusha kwa nyuma mpaka jina linalofuata, hata wote saba wakawa wameshikana kwa uzi mmoja. Hilo ndilo alilotaka kulisema, nami nikalifunika, naye alikuwa ameshafariki. Nililia, kisha nikaifumua bitana yote.

Najua unaogopa nyuzi kuchomoka. Pindo likunjwe mara mbili, lishonwe kwa mkono, inatosha. Kitambaa kinacholegea kipakeni wanga mwepesi na kukipiga pasi kabla ya kukikata. Mafundo yabaki yalivyo.

Na msigundishe kurasa. Msanii Louise Bourgeois, mwaka 2002, akiwa na miaka 90, alishona kitabu kwa vitambaa vya kitani alivyokuwa navyo tangu harusi yake na vipande vya nguo zake za zamani. Kila ukurasa akautia vitundu kama vya vifungo, ili kitabu kiweze kufunguliwa na kurasa zitoke mojamoja. Sisi tuliiga hapo, na ndipo kitabu chetu kilipopata kazi yake. Siku ya kumbukumbu tunafungua tepe inayopita kwenye vitundu vya kurasa, kila mtu anapewa ukurasa wa mwenzake, kamwe si wake. Anasoma jina kwa sauti, anaugeuza, anapitisha kidole nyuma polepole, halafu anampa aliye kando yake. Kitambaa hakichakarishi kama karatasi, kwa hiyo chumba kinanyamaza mpaka unasikia watu wakipumua. Tukimaliza tunazifunga kurasa kwa jinsi zilivyorudi, na kila mwaka mpangilio unakuwa mwingine. Kwa bitana, kile kidole kingekutana na nini?

Wasomee wenzako barua hii kabla hamjakata chochote. Wakishikilia bitana, basi walau ukurasa mmoja uachwe wazi.

Nawe nitumie picha ya nyuma ya ukurasa wa nne. Nataka kuona ile kola imeshikiliwa kwa mshono gani.

Ni mimi nduguyo akupendaye.