Uvimbe wa kiungo usiouma nao upelekwe kwa daktari

Mheshimiwa Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lako niongezee neno juu ya makala mliyochapisha kuhusu maumivu ya viungo. Makala yale yalieleza vizuri habari za goti linalouma, lakini hayakugusa goti lililovimba bila kuuma, na kwa miaka niliyofanya kazi ya uuguzi hapa Lubumbashi, wenye goti la namna hiyo ndio waliokuwa wakifika wamechelewa. Mtu huona goti limejaa na suruali inambana, lakini kwa kuwa usingizi anapata na kazini anakwenda, husema litapungua lenyewe.

Si kila uvimbe wa aina hiyo ni wa kuogopesha. Wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti, pamoja na mafundi wa vigae, hupiga magoti kutwa nzima, na baadhi yao huota kifuko cha maji mbele ya pia ya goti, nje ya kiungo chenyewe. Kama hakina joto wala wekundu, mara nyingi hupungua goti likipumzishwa. Maji yaliyo ndani ya kiungo ni habari nyingine. Kuyatambua, mgonjwa hulala chali na kunyoosha mguu, mkono mmoja ukabana juu ya goti na kusukuma maji kuelekea chini, kisha kidole cha mkono wa pili kikabonyeza ile pia ya goti. Maji yakiwa mengi, pia hiyo ya goti huzama kidogo na kugonga mfupa ulio chini yake, na kishindo hicho husikika kidoleni.

Ninachokihofia zaidi ni kifua kikuu cha viungo. Kijidudu chake, alichokigundua daktari Mjerumani Robert Koch mwaka 1882, hakikai mapafuni tu. Husafiri kwa damu hadi kwenye nyonga au goti, na huko hufanya kazi polepole, mara nyingi bila joto wala maumivu makubwa, huku gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ikiliwa mwezi baada ya mwezi. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo, na makohozi yake yakapimwa yakaonekana safi. Vumbi la migodini lenye silika huongeza hatari ya kifua kikuu, kwa hiyo mji kama wetu una sababu zaidi ya kulifikiria jambo hili.

Hapo ndipo desturi yetu ya kukimbilia farmasi inapotuumiza. Mtu huuziwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, au huchomwa sindano ya deksametazoni, dawa kali ya kushusha uvimbe, na uvimbe hupungua kweli; lakini deksametazoni hudhoofisha kinga ya mwili, basi goti huonekana kupona ilhali ugonjwa unazidi kula ndani. Chale nazo, ninasema hili bila kuwadharau wazee wetu, hufungua mlango mwingine wa vijidudu.

Wenye kisukari wana hatari yao. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata kifundo kikavimba na mifupa ikavunjika ndani, naye mwenyewe anaendelea kwenda sokoni kwa sababu hasikii maumivu. Majirani husema amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Anachohitaji ni kuacha mara moja kuukanyagia mguu huo, kupigwa picha ya eksirei, na mara nyingi kufungwa plasta ngumu kwa miezi kadhaa.

Kwa goti lenye maji, linaloamua ni kuyavuta kwa sindano safi na kuyachunguza. Maji ya kiungo kisicho na ugonjwa ni angavu, ya manjano hafifu, na huvutika kama ute wa yai. Yakiwa na ukungu, usaha au damu, daktari ana pa kuanzia. Nimewahi kuona maji hayo yakivutwa kisha yakamwagwa ndooni. Mgonjwa alirudi nyumbani akifurahia goti jembamba, wala hakuna aliyejua alikuwa anaumwa nini.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wasione haya kumuuliza daktari, kabla sindano haijaingia, maji yatapimwa wapi na majibu yatatoka lini. Ikibainika ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure, ingawa za viungo kwa kawaida humezwa muda mrefu kuliko ile miezi 6 iliyozoeleka kwa mapafu. Na goti lililovimba likiwa na joto kali pamoja na homa, lisisubiri ushauri wa mtu: mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Katuba, Lubumbashi