Msingoje Pipa Lijae: Barua kwa Vijana wa Ushirika wa Ijumaa, Busia

Wanangu,

Nawasalimu kwa jina la Yesu. Naandika wazi, wala si kwa mmoja wenu pembeni, kwa sababu neno lililoniumiza mlilisema wote. Nilipouliza nani atakwenda kumwona yule ndugu aliyevunjika mguu, mlinijibu mimi bibi yenu, mmoja baada ya mwingine: "Jaja, hata mimi nina yangu." Mmoja boda yake imechukuliwa na waliomkopesha. Mwingine watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mwingine mzigo wake umekamatwa mpakani. Sikatai hata moja. Baadhi yenu nimeomba nanyi mpaka usiku wa manane.

Lakini nani aliwafundisha kwamba anayesaidia ni yule aliyekwisha kumaliza shida zake?

Someni tena habari za mjane wa Sarepta, Wafalme wa Kwanza sura ya 17. Tunapenda kuhubiri ule unga usiokwisha. Mimi hunishika zaidi mwanzo wake. Eliya alifika pale akiwa mkimbizi, kijito alichokuwa akinywa maji yake kimekauka. Mama naye yuko langoni anaokota kuni za kupikia chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Hakuna tajiri katika habari ile. Na Eliya hakudai pipa lote la unga. Aliomba mkate mdogo. Huo mdogo ndio ninaowadai.

Mume wangu alipolazwa, mimi ndiye niliyemuuguza. Mnazijua hospitali zetu: mgonjwa huja na shuka lake, beseni lake na mtu wa kumpikia. Siku ya nne niliishiwa mkaa na pesa, nikajikunja chini karibu na kitanda, nikalia huku nimejifunika leso. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimuuguza mwanawe, akaniletea kikombe cha uji wa mtama. Akaketi nami. Hakuhubiri. Siku mbili baadaye mwanawe akaaga dunia, nami nikambebea beseni lake mpaka kwenye gari. Sikuwahi kujua anasali kanisa gani, ila nilipokunywa uji ule nilijua Mungu hajaniacha.

Wazee wenzangu wanaikumbuka miaka ya silimu, ndivyo tulivyouita UKIMWI, watu walipoogopa hata kumshika mgonjwa mkono. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba alikuwa ametoka kumzika mumewe kwa UKIMWI. Yeye na wenzake wachache, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe, wakaanzisha TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye UKIMWI, wakawa wanawasikiliza na kuwauguza watu waliokimbiwa na jamaa zao. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado kutufikia. Baadhi ya waanzilishi hao walikufa mapema, lakini walikuwa wamekwisha kuwashika wengine mkono. Wangengoja wapone kwanza, nani angeanza?

Sisemi mkakope ili mtoe. Mama akitia karo ya mtoto kwenye sahani ya sadaka ili aonekane mtakatifu, nitamkemea. Wala msiende kwa mgonjwa ili kuzikimbia shida zenu. Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho makanisani, walitufundisha kutembea nuruni: aliyelemewa aseme mbele ya ndugu kwamba amelemewa. Wapo miongoni mwenu wanaokuja ushirika na shati lililopigwa pasi vizuri, na nyumbani hakuna hata unga wa posho. Hilo linaniuma kuliko yote, maana mnatunyima nafasi ya kuwabeba.

Ijumaa hii saa kumi jioni tunakwenda kwa yule ndugu. Mwenye sabuni alete sabuni. Asiye na kitu aje na mikono yake. Mkewe ana mimba kubwa, na kisima kiko mbali, jerikeni mbili tu zingempumzisha. Na wewe uliyenyang'anywa boda, njoo kwa miguu ukae karibu naye. Yeye naye alinyang'anywa ya kwake miaka miwili iliyopita, mtakuwa na la kuzungumza.

Magoti yangu hayakiwezi tena kilima kile peke yangu. Naomba mmoja wenu anipitie nyumbani nimshike mkono, na sufuria ya maharage anibebee.

Jaja yenu