Kengele Ile Iondoeni: Barua kwa Vijana Wetu wa Shepparton

Wanangu na wajukuu zangu mnaoandaa usiku wa simulizi,

Shikamoo zenu nilizipokea mlangoni, na kiti cha mbele mlichonipa nilikikalia kwa shukrani. Ukumbi mliupamba, chai ilikuwa ya moto, watoto walicheza ngoma vizuri. Lakini usiku ule sikulala, na sipendi kunung'unika pembeni wakati wenye jambo mpo.

Yule bibi wa Uvira mnamjua. Alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa hapa Australia, na kila kiangazi huchuma peasi katika mashamba yanayouzunguka mji wetu. Alipanda jukwaani akiita, "Hadithi, hadithi!" Tukaitika wazee wanne tu, "Hadithi njoo!" Nyie mlikuwa mmeinua simu zenu.

Akaanza kueleza kazi yake. Mfuko umening'inia kifuani, ngazi ya miguu mitatu, jua la Januari. Peasi halivutwi, alisema. Ukilivuta, kikonyo hubaki mtini na tunda huhesabiwa bovu. Unalilaza kiganjani, unaliinua taratibu kama unavyomwinua mtoto aliyelala, nalo linaachia lenyewe. Akainua mkono kutuonyesha. Mkono ungali juu, mkagonga kengele. Dakika tatu zimekwisha! Akaushusha mkono, akasema asanteni, akawa anaitafuta ngazi ya jukwaa kwa mguu wakati jina la mwingine linatangazwa.

Wanangu, nani aliwafundisha kumgongea kengele mtu wa umri wa bibi yenu akiwa anazungumza? Kwetu hata mtoto aliyetumwa na mama yake alisimama mlangoni akangoja mkubwa amalize. Mnaniambia ni mashindano, kuna majaji, kuna vocha. Basi mashindano hayo yameanza kula kitu ambacho hamtakipata tena, maana wazee hawa hawaongezeki.

Niliyemrudisha nyumbani kwa gari ni mimi, na hadithi nikaimaliziwa njiani. Aliyemfundisha kuinua lile tunda alikuwa mama mmoja mzee wa Yorta Yorta, wenyewe wa ardhi hii, waliyekuwa wakichuma mstari mmoja. Bini la bibi, lile sanduku kubwa la matunda, lilikuwa limekataliwa mara mbili, naye anataka kulia. Yule mama akashuka ngazi yake, akamshika mkono, wakainua tunda pamoja. Saa ya kula akamsimulia kwamba mama yake mzazi alilelewa katika vibanda vya mabati na magunia ukingoni mwa mto, kati ya Mooroopna na hapa. Bibi akamjibu kwa Kiingereza chake kidogo: hata mimi, hema. Wakacheka mpaka msimamizi akageuka kuwatazama.

Hiyo ndiyo mliyoikata.

Na vibanda vile vina habari yake. Februari 1939 familia za wenyeji hawa wa asili ziliondoka Cummeragunja, kituo walikowekwa, kwa kuchoshwa na njaa na ukali wa msimamizi, zikavuka mto Murray kuingia jimbo letu la Victoria. Wengi walifikia kwenye bonde lile la mto, wakachuma matunda haya haya tunayochuma sisi. Mnapita juu yake kila mnapokwenda Mooroopna. Mmewahi kusimama?

Kijana wetu aliyesimulia mpira wa hapa, ule wa umbo la yai, alinifurahisha alipoeleza milingoti minne: ukipiga katikati pointi sita, ukikosea ukapita pembeni bado unapewa moja. Nilimpigia makofi kwa dhati. Kisha akasema sisi Waafrika ndio weusi wa kwanza kuvumilia matusi uwanjani. Hapana, mwanangu. Doug Nicholls, mchezaji wa asili ya nchi hii, alizaliwa Cummeragunja ile ile mwaka 1906. Klabu yake ya kwanza kubwa Melbourne, wachua misuli walikataa kumgusa kwa sababu ya rangi yake. Akahamia klabu ya Fitzroy, akang'ara, akawa mchungaji, na mwaka 1976 akawa gavana wa jimbo la South Australia. Usimulie yako, lakini ujue umekaa mkekani pa nani.

Sasa yule mshindi. Simwonei wivu vocha yake. Ila alilia jukwaani kwa risasi na mpaka aliovuka mama yake, naye amezaliwa hapa hapa, mama yake yupo hai, alikuwa jikoni akikaanga maandazi, wala hakuitwa. Huko ni kuazima machozi. Na hili si kosa lenu peke yenu. Wenye fedha za ufadhili wanatupenda tukiwa tunalia na kushukuru. Mwaka 2018 wanasiasa na magazeti walipotangaza magenge ya Waafrika Melbourne, hakuna aliyeuliza habari ya baba anayetoka zamu ya usiku kiwandani saa kumi na mbili akampeleke mtoto mazoezini kabla hajalala. Baba huyo yumo kwenye kila nyumba yetu. Msimulieni.

Kuhusu muda nitasema tena, maana ndio unaoniuma. Mwimbaji Archie Roach alizaliwa Mooroopna, ng'ambo ya mto tu. Alinyang'anywa wazazi wake akiwa mtoto mdogo na serikali, kama watoto wengi wa asili ya nchi hii. Mwaka 1990 aliyaimba hayo. Serikali ya nchi iliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Miaka kumi na minane, na aliimba yote hiyo, gitaa mkononi. Nyie mnampa bibi dakika tatu.

Mengine ni machache. Anzeni kwa saa mliyotangaza. Wapiga ngoma walipwe. Rekodini sauti za wazee, mwandike na majina ya vijiji vyao bila kukosea. Washairi, changanyeni Kiswahili na Kiingereza mkitaka, ila kwanza mjue kuhesabu mizani kumi na sita kwa vidole, nane kwa nane, ndipo muamue kuiacha. Atakayetaka kujifunza aje kwangu Jumapili baada ya ibada.

Nawapenda, na ndiyo maana nimeandika kwa majina ya mambo yenyewe. Bibi nimemwomba arudi usiku ujao, naye amekubali. Goti lake la kushoto halipandi ngazi, kwa hiyo mwekeeni kiti chenye mgongo chini, karibu na watu, na chai isiyo na sukari. Peasi nitaleta mimi, yenye vikonyo.

Mzee wenu